Eti Pluto Iliondolewa kwa Udogo? Nani Kasema?

Wiki iliyopita nimekutana nayo tena. Ukurasa wa watoto wa gazeti moja la Kiswahili (silitaji, maana si wao peke yao), kisanduku cha "Je, Wajua?", na ndani yake ile habari ya siku zote: kwamba Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006 baada ya wataalamu kuona kuwa ni ndogo mno. Nimeshaisikia redioni. Nimeisikia kwenye daladala, jamaa akimweleza mchumba wake kwa sauti ya kuhakikisha abiria wote tunasikia. Nimeisikia kwa watu wenye shahada. Ni maelezo mafupi, mtoto anayakariri mara moja na hayasahau. Ubaya wake ni mmoja tu: si kweli.

Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta siasa. Tulieni, hii nayo ina siasa yake, na kura zilipigwa.

Kwanza tuelewane majina, maana kwenye sayari Kiswahili chetu kina vurugu. Kuna vitabu vya shule vilivyoiita Pluto "Utaridi", wakati kwa Waarabu tuliowaazima jina hilo, Utaridi ni ile iliyo karibu kabisa na Jua, ambayo vitabu hivyohivyo vikaiita Zebaki. Mimi nafuata asili: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni. Hizo nane. Pluto nitaiita Pluto.

Haya. Tarehe 24 Agosti 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura juu ya maana ya neno "sayari". Waliobaki ukumbini kupiga kura walikuwa mia nne na ushee, kati ya wanachama wapatao elfu tisa duniani kote, na hilo limelalamikiwa mpaka leo. Wakapitisha masharti matatu. Moja, kitu kiwe kinalizunguka Jua. Pili, kiwe na uzito wa kutosha mvutano wake wenyewe ukifinyange kiwe mviringo. Tatu, kiwe kimesafisha eneo la njia yake. Kinachotimiza mawili ya kwanza, kikashindwa la tatu, na si mwezi wa kitu kingine, kinaitwa sayari kibete.

Yasome tena masharti hayo. Nitafutie namba. Nitafutie mahali palipoandikwa kipenyo kisipungue kilomita kadhaa. Hakuna! Si kwamba walisahau. Hawakuitaka.

Na walikuwa na sababu ya kutoitaka, maana mwenye kushika futi kamba angani anaumbuka mapema. Pluto ina kipenyo cha kilomita 2,377. Hicho si cha kukisia, chombo cha Marekani New Horizons kilipita jirani yake tarehe 14 Julai 2015 kikaipima. Mwezi wetu, huu tunaougombania kila Ramadhani umeandama au haujaandama, una kilomita 3,474. Kwa hiyo ndiyo, Pluto ni ndogo kuliko Mwezi. Tena si Mwezi wetu tu, iko miezi saba inayoizidi: Ganymede, Callisto, Io na Europa za Mshtarii, Titan ya Zohali, Triton ya Neptuni, na huu wa kwetu.

Hapo mwenye hadithi ya udogo anapiga makofi. Subiri kwanza.

Ganymede ina kilomita 5,268. Titan ina 5,150. Utaridi, ambayo ni sayari kamili na hakuna anayeigusa, ina 4,879. Maana yake miezi miwili imeizidi sayari kwa upana, na wa tatu, Callisto, umeikosa kwa kilomita 58 tu, kama kutoka Posta kwenda mahali fulani karibu na Bagamoyo. Kama udogo ndio kosa, mbona Utaridi haikuguswa? Na kama ukubwa ndio sifa, Ganymede na Titan wamenyimwa kwa lipi? Kuna anayejibu kuwa kwa uzito Utaridi inawashinda wote, na ni kweli, tumbo lake limejaa chuma wakati Ganymede sehemu kubwa ni barafu, kwa hiyo Utaridi ina uzito zaidi ya mara mbili ya Ganymede. (Nasema uzito kwa maana ya sokoni Kariakoo, walimu wa fizikia mtaniwia radhi.) Lakini angalia ulichokifanya hapo: umeweka chini futi kamba ukachukua mizani. "Ukubwa" wenyewe kumbe si kitu kimoja.

Mfano mzuri wa hilo ni Eris, ambayo ndiyo iliyoanzisha ugomvi wote. Mike Brown na wenzake waliigundua mwaka 2005, mbali kuliko Pluto, na kwa vipimo vya wakati ule ilionekana kubwa kuliko Pluto. Sasa fanya nini? Ukiiacha Pluto kuwa sayari ya tisa, Eris ni ya kumi, na nyuma yake kuna foleni. Hata rasimu ya kwanza iliyopelekwa Prague ilitaka sayari ziwe kumi na mbili, kwa kuongeza Ceres, Eris na Charon. Wajumbe wakaikataa. Basi mwaka 2010 Eris ikapita mbele ya nyota, watu wakapima kivuli chake, wakapata kilomita 2,326. Ikawa ndogo kuliko Pluto kwa kama kilomita 50. Lakini kwa mizani Eris ni nzito kuliko Pluto kwa karibu asilimia 27. Nani mkubwa kati yao? Inategemea uko kwa fundi cherehani au kwa muuza nyama.

Sasa weka zote kwenye mstari mmoja, uone hiyo mipaka ya ukubwa inavyochekesha. Mshtarii ina kipenyo cha karibu kilomita 140,000, mara 29 ya Utaridi. Utaridi nayo ni mara mbili tu ya Pluto. Mara 29 ndani ya familia moja ya sayari hakuna anayestuka. Mara mbili kati ya Utaridi na Pluto, eti hapo ndipo penye ukuta! Ungekuwa unachora mstari kwa macho, ungeuchora kati ya yale majitu manne na vingine vyote, na Dunia ingebaki upande wa vidogo pamoja na Pluto. Hakuna aliyependekeza hivyo, bila shaka kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tumeshika chaki.

Hata umbo la mviringo, ambalo ungedhani linafuata ukubwa moja kwa moja, halina nidhamu hiyo. Mimas, mwezi wa Zohali, una kilomita kama 396 na ni mviringo. Proteus wa Neptuni una kama 420 na umekaa kama kiazi kilichopigwa shoka. Barafu inafinyangika kwa namna yake na mwamba kwa namna yake, na joto la zamani nalo lina neno.

Ushahidi wenyewe hasa, na huu nauomba mtu yeyote anayesema "ndogo mno" anijibu, ni mwaka 1978. Clyde Tombaugh alipoiona Pluto mwaka 1930 kule Arizona, ilidhaniwa inalingana na Dunia. Kadiri darubini zilivyoboreka ikawa inapungua. Mwaka 1978 James Christy akaona kuwa ina mwezi, Charon, na ukishapata mwezi unaozunguka unaweza kupiga hesabu ya uzito wa kinachozungukwa. Hesabu ikatoka: uzito wa Pluto haufiki hata moja ya tano ya Mwezi wetu. Dunia moja ni Pluto mia nne na hamsini na zaidi. Yaani udogo wa Pluto ulijulikana wazi mwaka 1978. Na bado ikaachwa kuwa sayari miaka 28! Vitabu vikachapwa, watoto wakaimba tisa, hakuna aliyeitisha kura. Kama kosa lilikuwa udogo, kwa nini hukumu ilisubiri miaka 28?

Kwa sababu kosa halikuwa udogo. Kilichobadilika kati ya 1978 na 2006 ni majirani.

Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu waligundua kitu kingine huko nje ya Neptuni. Kisha kikaonekana kingine, na kingine. Leo vinavyojulikana ni zaidi ya elfu tatu, na mahali hapo panaitwa Ukanda wa Kuiper. Pluto tuliyoidhania ina kiwanja chake peke yake kumbe ni mpangaji kwenye nyumba yenye vyumba elfu, na chumba cha jirani anakaa Eris aliye mzito kumzidi.

Tena halikuwa jambo geni. Tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi aliigundua Ceres kati ya Mirihi na Mshtarii, na ikaitwa sayari. Ikafuata Pallas mwaka 1802, Juno 1804, Vesta 1807. Kwa muda mrefu vitabu vikazihesabu pamoja na Dunia na Zuhura. Baadaye, kuanzia miaka ya 1840, zikaanza kumiminika nyingine nyingi, na polepole zikahamishiwa orodha yao ya asteroidi. Wingi wa majirani ndio ulioihamisha Ceres. Pluto imepita njia hiyohiyo iliyopitwa na mkubwa wake wa kazi, ila Ceres haikuwa na katuni wala fulana za kuililia.

Sasa hilo sharti la tatu, "kusafisha njia", ndilo linalotaniwa sana. Utasikia: hata Neptuni haijasafisha, si Pluto inakatiza njia yake? Hata Mshtarii ina maelfu ya asteroidi zinazosafiri nayo! Hoja hii inasikika kali mpaka uiguse. Kusafisha hapa si kufagia mpaka pang'ae. Ni kutawala. Zile asteroidi za Mshtarii zipo pale zilipo kwa sababu Mshtarii imezishika, zinakwenda mbele yake na nyuma yake kama msafara wa mkubwa. Na Pluto kila inapolizunguka Jua mara mbili, Neptuni inakuwa imezunguka mara tatu kamili, na mahesabu hayo ndiyo yanayozuia zisikutane kamwe. Nani kampangia nani ratiba? Neptuni ina uzito wa Pluto elfu kadhaa. Mtu anayeingia na kutoka kwa saa alizopangiwa na mwenye nyumba si mwenye nyumba.

Na utawala huo unapimika. Mwaka 2015 mtaalamu aitwaye Jean-Luc Margot alitoa kanuni inayotumia uzito wa kitu, umbali wake na uzito wa nyota yake. Ukipata zaidi ya 1, una uwezo wa kusafisha njia yako. Dunia inapata 810. Utaridi, pamoja na wembamba wake, 130. Sayari dhaifu kuliko zote kwa kipimo hiki ni Mirihi, yenye 54. Halafu unashuka, unashuka, hukuti mtu, mpaka unafika kwenye 0.04 ya Ceres, 0.028 ya Pluto na 0.02 ya Eris. Kati ya Mirihi na Ceres kuna pengo la zaidi ya mara elfu moja, na katikati hapana kitu. Kwenye kipenyo tulitafuta ukuta tukaukosa. Huu hapa.

Umeona na jambo jingine? Ceres imeizidi Pluto. Ceres, yenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, ambayo ni kama barabara ya kutoka Dar es Salaam mpaka mpakani Tunduma! Uzito wa Pluto ni kama mara 14 ya Ceres, lakini Ceres ina alama nyingi zaidi kwa sababu iko karibu na Jua, njia yake ni fupi, ina eneo dogo la kutawala. Na ukiichukua hiyo Utaridi ukaipeleka iliko Pluto, hesabu ya Margot inatoa kama 0.7. Inafeli! Kitu kilekile, chuma kilekile tumboni, kilomita zilezile 4,879, huku sayari kule kibete. Wapinzani wa kura ya Prague, akiwemo Alan Stern aliyeongoza safari ya New Horizons, wanasema hapo ndipo pa kichekesho, kwamba kitu kiitwe kwa jinsi kilivyo na si kwa anwani yake. Kwao Pluto ni sayari, na Titan ni sayari, na Mwezi wetu ni sayari pia, jumla zaidi ya mia moja. Hoja hiyo naiheshimu, ina mantiki kuliko machozi ya "turudishieni Pluto yetu", maana anayeililia Pluto peke yake bila Eris, Ceres na Titan anaililia picha ya ukutani darasani. Ila mimi na anwani. Tunapoangalia mfumo wa Jua ulivyojijenga, nani anamtawala nani ni habari kubwa kuliko upana wa kiuno. Angalia Triton: wataalamu wengi wanaamini ilitoka kwenye huohuo Ukanda wa Kuiper, Neptuni ikaikamata, na mpaka leo inazunguka kinyumenyume. Ni ndugu wa Pluto, tena mkubwa wake, aliyekamatwa akaitwa mwezi.

Kwa nini naandika kwa hasira basi, kama kura naiunga mkono? Kwa sababu ya maelezo tunayowapa watu. Mwaka 2006 nilikuwa darasa la pili. Mpaka namaliza la saba, ubaoni ziliandikwa tisa. Nilipokuja kusikia zimebaki nane, nilimuuliza mwalimu sababu, akasema "ni kadogo", akageuka kufuta ubao. Miaka mingi baadaye, Julai 2025, ilipotimia miaka kumi tangu New Horizons kufika Pluto, niliandika habari fupi kwa ajili ya chumba cha habari nilichokuwa nakitumikia. Nikaeleza majirani, kwa maneno kama sitini hivi. Mhariri akaniita mezani kwake. "Dogo," akasema, "msomaji wetu hana muda wa majirani. Weka ni ndogo, twende mtamboni." Nikamwambia, "Kaka, lakini si kweli." Akacheka, akaandika mwenyewe. Ikatoka na jina langu juu.

Maneno sitini! Ukurasa huohuo ulikuwa na nusu nzima ya nani kamwacha nani.

Na ukifikiri msomaji hawezi kuelewa, mpe vipimo vya nyumbani uone. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ni ndefu kuliko kipenyo cha Makemake chenye kama 1,430, na haivuki kipenyo cha Pluto. Uso wote wa Ceres ukiutandaza ni kama Tanzania tatu zilizoshonwa pamoja. Uso wa Pluto unaizidi Urusi kidogo. Uso wa Mwezi unaizidi Afrika nzima. Chukua zote tano zinazotambuliwa rasmi, Pluto, Eris, Haumea, Makemake na Ceres, zipakie upande mmoja wa mizani, na upande wa pili weka Mwezi: zinafika kama nusu tu. Kwa hiyo sibishi kuwa ni ndogo. Ni ndogo sana. Nabisha kuwa hilo ndilo lililoamuliwa Prague.

Lawama nyingine naipeleka hukohuko Prague, kwa jina walilochagua. Watu wamekataa kutumia ukubwa kama kipimo, halafu wakatoa jina la ukubwa! Kibete! Halafu wakasema sayari kibete si sayari. Kwa Kiswahili jambo hili halisemeki. Kitamli ni mnazi mfupi, na hakuna mtu wa Pwani atakayekwambia si mnazi, madafu yake ndiyo anayoyatafuta. Mtu mwenye kimo kifupi ni mtu, na walio wafupi wamechoka kuitwa vibete na wapita njia. Sisi tumelichukua jina la wenzetu tukalitafsiri neno kwa neno, pamoja na kosa lililomo ndani yake, na sasa mtoto akisoma "sayari kibete" atahitimisha nini zaidi ya kwamba imefukuzwa kwa ufupi? Mhariri wangu hakuitunga hadithi ya udogo. Imo kwenye jina.

Napendekeza tuziite sayari za ukandani. Kazi ya kusanifu maneno ni ya BAKITA na BAKIZA, mimi ni mwandishi wa habari tu, lakini jina hilo angalau linasema sababu: Ceres inaishi kwenye ukanda wa asteroidi, Pluto, Haumea na Makemake kwenye Ukanda wa Kuiper. Eris itasumbua kidogo, kwa kuwa njia yake inakwenda mbali kupita ukanda wenyewe, zaidi ya mara 90 ya umbali wetu na Jua, ndipo irudi. Mwenye jina linaloibeba na Eris alilete.